Injini Haina Pa Kuandika Jina

Ghorofa ya pili, chumba cha nyuma,
juu ya duka la magodoro.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Mjomba,

Kwa heshima na taadhima natangaza mbele yako, mbele ya mkaza-mjomba, na mbele ya yeyote atakayechungulia barua hii begani pako, kwamba tangu juzi Ijumaa mimi mpwa wako nimekabidhiwa kiti. Si kile cha plastiki nilichokuwa nagombania na mhudumu wa chai. Hiki ni kiti cha kuzunguka, chenye mikono miwili na mgongo wa kitambaa cheusi. Kina miguu mitano. Minne ina magurudumu, wa tano umeegemezwa juu ya ripoti za miaka iliyopita. Nilikabidhiwa kwa hotuba, makofi na picha. Nitakueleza nilivyokipata, halafu uamue mwenyewe kama nipongezwe au niombewe.

Najua nimeanza na kiti kabla ya salamu. Mama angenisikia angeuliza nimelelewa na nani. Basi shikamoo, Mjomba. Goti la kushoto limekubali kupanda ngazi za huko, au bado hamsemezani? Na ile cherehani mpya, imeacha kula uzi? Mwambie mkaza-mjomba kwamba sweta lilifika salama. Linanibana kwapani, lakini nalivaa kwa mapenzi. Sisi huku wazima, ukiondoa wagonjwa. Mama hajambo: mguu umepona, na ulimi haukuwahi kuugua.

Uliniuliza kwenye simu kazi mpya ikoje, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Nilishukuru, kwa sababu jibu lenyewe halikuwa la kusemwa kwa sauti ofisini. Wewe ndiye uliyenisukuma huku. Ulisema mtu anayeweza kumuuzia godoro mpita njia aliyeingia dukani kuulizia choo, hawezi kushindwa kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa. Nikakuamini. Nikapanda ngazi moja tu, kutoka duka la magodoro hadi ofisi ya shirika, nikaitwa Afisa Uchangishaji. Mjomba, sijawahi kupanda ngazi ikanishusha namna hii.

Godoro lina adabu. Mteja analilalia, anageuka ubavu, anafumba macho, akiinuka ameshaanza kuuliza bei. Mfadhili huna cha kumlaza juu yake. Unamuuzia usingizi wa mtu mwingine, na bado anataka risiti.

Nyumbani nako hawajaelewa. Ndugu wa upande wa baba wamesikia nakaa karibu na fedha za wafadhili, sasa wanakuja Jumamosi, mmoja mmoja, kila mtu na shida yake imepigwa pasi. Mama naye yuko upande wa pili kabisa. "Watoto wa wenzangu wamesoma wasije wakaomba," anawaambia majirani. "Wangu kasoma ndipo akaomba."

Shirika letu lina kazi moja tu: kuwachukua wagonjwa wa figo majumbani, kuwapeleka hospitali kusafishwa damu, kuwangoja, na kuwarudisha. Wapo watano, kila mmoja mara tatu kwa wiki. Mmoja wao unamjua, ni dada yako. Gari liliharibika injini mwezi wa tatu, likasukumwa hadi uani kwetu, likapandishwa juu ya mawe. Mimi niliajiriwa nitafute injini. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza, wazi kabisa, nikadhani nimeelewa.

Mama Mkubwa hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Anakwenda kwa basi, mabasi mawili. Kwenda anaweza, kazi ni kurudi. Anasema akitolewa kwenye ile mashine anakuwa kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa kuanikwa. Wiki iliyopita alishindwa kufika kituoni, akaingia duka la viatu akakaa. Muuzaji akamdhania mteja, akamvua kiatu, akampima. Dada yako hakuwa na nguvu za kukataa, basi akajaribishwa jozi nne. "Sikununua," akaniambia, "lakini nilipumzika vizuri." Mimi nilicheka naye, kisha nikaenda chooni nikafungua bomba.

Mkurugenzi wetu tunamwita Mama Maono, nyuma ya mlango lakini. Ni mwanamke mwema, hilo sikatai. Tatizo lake ni kwamba huwezi kumwambia choo kimeziba asikuulize choo hicho tunakiona wapi baada ya miaka mitano. Kila Jumatatu anatuambia tusiombe fedha, tujenge uhusiano. Nami nimejenga, Mjomba. Nina uhusiano sasa na walinzi wa kila lango la ofisi kubwa mjini. Wananiuliza habari za nyumbani.

Huko ndani ya malango ndiko nilikojifunza jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: hakuna mtu anayetaka kutoa injini. Mwenye duka la rangi alikuwa tayari kulipaka gari lote, bure, huku likiwa juu ya mawe. Mkubwa mmoja wa benki alitaka tupande miti. Nikamwambia wagonjwa wanahitaji gari. Akasema miti inatoa hewa safi. Mwingine, mwenye maduka ya nguo, alinisikiliza vizuri mpaka nikapata matumaini, kisha akaegemea mbele akaniuliza, kwa upole kama daktari: "Sasa dada yangu, boneti likishafungwa, mimi nitaonekana wapi?"

Nilirudi ofisini nikafungua boneti nikatazama. Alikuwa na hoja.

Kisha likaja suala la maji. Kampuni moja ya maji ya chupa ilikubali kutusaidia kabla hata sijamaliza kuomba. Nikasema asante mara nyingi sana, kwa furaha ya kukubaliwa na mtu. Hapo ndipo lilipo kosa langu, maana sikuuliza wanasaidia na nini. Lori likaja likashusha katoni za maji. Zimejaa ukumbini, zimejaa ngazini, mwenye duka la magodoro analalamika kwamba wateja wanadhani amebadilisha biashara. Mjomba, mgonjwa wa figo hanywi maji anavyotaka. Anapimiwa. Mama Mkubwa ana kikombe chake kidogo, na akikimaliza asubuhi basi mchana anamung'unya barafu. Nimewaletea watu wenye kiu ya amri ya daktari lori zima la maji. Hata kuyauza siwezi, kwani kila chupa imepigwa chapa: "Zawadi. Haiuzwi." Watu husema maji yamewafika shingoni. Mimi nayapanda kama ngazi kila nikienda mezani.

Dereva wetu ndiye pekee aliyeyapatia kazi. Mtu huyu hana gari la kuendesha tangu mwezi wa tatu, lakini anakuja kila siku, amevaa shati la kazi, analiosha gari lililo juu ya mawe. Sasa analiosha kwa maji ya chupa.

Na hapo, nikimtazama akisugua ule ubavu mrefu mweupe mtupu, ndipo nikapata wazo. Kama injini haina pa kuandika jina, ubavu unapo! Atakayetoa injini, jina lake litaandikwa ubavuni, herufi kubwa, na gari litapita mjini nalo mara tatu kwa wiki. Mama Maono alilipenda. Alisema lina maono. Nikaandika barua moja nzuri, nikaichapisha nakala nyingi, nikaipeleka mwenyewe kwa kila biashara ya barabara yetu, mlango hadi mlango, kuanzia hapa chini kwenye magodoro mpaka mwisho. Sikufikiria mwisho wa barabara kuna nini. Watu wengi huwa hatufikirii.

Aliyejibu ni mmoja. Alikuja kwa miguu, bila miadi, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi, barua yangu imekunjwa vizuri mfukoni. Ni fundi majeneza.

Nilimpeleka uani. Alilizunguka gari polepole, kisha akatoa futi akapima mlango wa nyuma, akapima na urefu wa ndani. Dereva akaacha kusugua.

"Unapima nini, mzee?"

"Mazoea tu, mwanangu. Usinijali."

"Maana hapa tunabeba walio hai."

"Najua," akasema fundi, akiirudisha futi mfukoni. "Ndiyo maana nimekuja."

Hakutaka chai wala hotuba. Alisema injini ataitafuta, ataijaribu, na atalipa fundi wa kuifunga. Anachotaka ni kile tu kilichoandikwa kwenye barua: jina la karakana yake ubavuni, na chini yake maneno anayoyatumia siku zote kwenye kibao chake, "Tunakufikisha kwa Heshima." Nikampa mkono. Baada ya miezi ile ya malango, Mjomba, mkono ule nilitamani niung'ang'anie.

Kamati ilikaa Jumanne. Mwenyekiti wetu ni mhasibu mstaafu anayeogopa vitu viwili duniani, ukaguzi na kicheko. Akasoma maombi yangu, akavua miwani, akaivaa tena, akauliza kama huu ni mzaha. Mwingine akasema tutakuwa tunatangaza kwamba tumekata tamaa. Mwingine akasema, kwa uchungu wa kweli kabisa, "Jamani, wagonjwa watajisikiaje?" Nikasema basi tuwaulize. Wakanitazama kama nimesema tuiulize injini.

Niliwauliza mwenyewe. Haikuwa kazi, kwa sababu siku zisizo za mashine wanakuja uani wenyewe, kwa mazoea, wanaingia garini, kila mtu anakaa kiti chake kilekile, wanapiga soga. Gari haliendi popote, lakini wanakwambia ndani mna upepo mzuri. Nikasimama mlangoni nikawaeleza yote, pamoja na yale maneno ya ubavuni. Nikaanza kujuta.

"Hata wakiandika jina langu na tarehe yenyewe," akasema Mama Mkubwa, "mradi linawaka."

Basi gari likatikisika kwa kicheko hadi Dereva akakimbilia kuangalia mawe. Aliyekaa nyuma yake, aliyekuwa mwamuzi wa mpira enzi zake na mpaka leo tunamwita Refa, alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama anavyoruhusu mchezo uendelee. "Muulize kama abiria tuna punguzo," akasema. Bibi mmoja wa kiti cha dirishani, ambaye huwa hasemi, akasema yeye ana sharti moja tu: mzee yule asije tena na futi yake. Wakakubaliana, watano kwa watano.

Nikapanda juu mbio, nikiruka katoni. Mama Maono alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kifua, akasema amesikia na ameguswa. Kisha akaniambia ameshapata njia ya kuridhisha kila upande. Jina la fundi liandikwe, ndiyo. Liandikwe kwenye injini.

Nilikwenda kumwambia mimi, kwani uhusiano nilijenga mimi. Karakana yake ni ndefu na safi kuliko ofisi yetu, inanuka mbao mbichi na vanishi. Na Mjomba, injini ilikuwa imeshafika. Alikuwa ameinunua bila kungoja barua ya pili, kwa sababu tulipeana mkono. Iko pale sakafuni, kati ya majeneza mawili ambayo hayajapigwa randa, imefunikwa shuka jeupe kama mgeni aliyelala. Alilifunua pembeni anionyeshe ilivyo safi. Nami nikiwa nimesimama mbele ya kitu kilekile nilichokitafuta tangu niajiriwe, ikanibidi niseme nilichotumwa.

Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Binti yangu," akasema, "kuandika pasipoonekana nimeandika sana. Kila mfuniko uliotoka humu una jina langu kwa ndani. Hajatokea wa kunisomea."

Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nikiitwa kwa mtu, mambo yake yamekwisha. Miaka yote hii, jina langu halijawahi kwenda na mtu likarudi naye. Nilitaka hilo tu. Waambie si kwa ajili ya biashara. Biashara yangu haihitaji tangazo."

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Nikamwomba radhi kwa niaba ya watu ambao hawakunituma niombe radhi. Akasema injini haiozi, ataitunza. "Nitangoja," akasema. "Kungoja nimezoea."

Nilipeleka maneno yake kama yalivyo, bila kuongeza chumvi, na mimi unanijua kwa chumvi. Mwenyekiti akasema tumepokea. Imeundwa kamati ndogo ya kulinda taswira ya shirika. Itakutana Mwenyekiti akirudi mapumzikoni, na mapumziko yenyewe hajaanza.

Sasa kiti. Ijumaa tuliitwa wote ukumbini, tukabanana kati ya katoni. Mama Maono akatoa hotuba. Kumbe kwenye hesabu za shirika kila kinachotolewa hupigiwa thamani yake, na lile lori la maji lilipopigiwa thamani, mimi nikawa nimevuka lengo la muda wangu wa majaribio. Kuvuka kabisa, na cha juu. Kwa hiyo nimethibitishwa kazini. Yule bwana wa maji alikuwepo, tukapigwa picha, mimi nimekaa kitini, yeye amesimama nyuma, jina la kampuni yake juu ya vichwa vyetu kwenye bango lililogharimu sijui nini. Watu wakapiga makofi. Kila mtu akapewa chupa moja ya kusherehekea. Dirishani nilimwona Dereva uani amesimama na kitambaa chake mabegani, anatuangalia.

Nimekikalia siku moja, na kinaniuma, wala si kwa sababu ya ule mguu wa ripoti. Nilidhani ugumu wa kazi hii ni kuomba ukanyimwa. Kunyimwa nilikuzoea tangu dukani. Huu wa kupewa, ukakatazwa kupokea, kisha ukapongezwa kwa usichokihitaji, huu sikuambiwa, na wewe hukuniambia. Mara mbili nimeandika barua ya kuacha kazi, mara mbili nimeichana. Duka la magodoro wananihitaji, wanasema. Lakini nikishuka chini, nani atabaki huku juu anayejua ile injini iko kwenye shuka gani?

Kwenye mafunzo tumeambiwa barua ya kwanza kwa mtu isiombe kitu. Imfahamishe tu, aujue moyo wa jambo. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako tangu nianze kazi, kwa hiyo tulia, sikuombi fedha. Na hata ukituma, watakaa kikao kuamua jina lako likae wapi. Naomba stempu tu. Chukua karatasi, umwandikie Mwenyekiti mistari michache, wewe kama ndugu wa mgonjwa, kwamba familia haina kinyongo na ubavu wa gari. Sisi wa karibu tumesema hatukusikika. Bahasha ikitoka mbali, watu husimama kuisoma. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usimwambie Mama Mkubwa kwamba nimekueleza habari ya duka la viatu. Mwache akusimulie mwenyewe, anaisimulia vizuri kuliko mimi, na kila mara jozi zinaongezeka.

Nisalimie mkaza-mjomba na hao binamu zangu wawili, mkubwa anayejua kila kitu na mdogo anayemuuliza. Mama anakusalimu, anasema simu haiozi ukiipiga. Mama Mkubwa anakusalimu sana na anasema usihangaike naye, ingawa akisema hivyo huwa anamaanisha kinyume chake. Refa hakujui, lakini ameniambia nikusalimu pia, kwa sababu alikuwa garini nilipokuwa natafuta maneno ya kuanzia barua hii, na lile la kiti ni lake.

Mungu alipe goti lako subira na cherehani yako riziki, na asikupitishe mwisho wa barabara yetu ila kwa matembezi.

Wako akupendaye,

mpwa wako wa juu ya magodoro.

Nyongeza: kesho Jumatatu ni siku ya Mama Mkubwa ya mashine. Anakwenda kwa basi.